Kumwaga Ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Kupima: Haidroliki ya Giaboksi ya Pikapu

Ndugu madereva, mafundi wenzetu, na ninyi wenye magari, hamjambo. Tuanze na neno lenyewe, haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, kwa sababu shida nyingi zinaanzia hapo.

Dereva anaingia dukani na kusema, "Nipe haidroliki ya giaboksi, lita nne." Muuzaji ananyoosha mkono, anashusha chupa, ndani mna mafuta mekundu. Wote wawili wameridhika. Lakini wekundu ule ni rangi iliyotiwa kiwandani, ili ukiona tone chini ya gari ujue halikutoka kwenye injini. Haukuelezi chochote kuhusu yaliyomo. Dexron III, aina ya General Motors (GM), ni nyekundu. Dexron VI ni nyekundu. Toyota T-IV ni nyekundu, Toyota WS ni nyekundu, Mercon LV ya Ford nayo ni nyekundu. Zimimine kwenye glasi tano, jicho halizitofautishi. Giaboksi inazitofautisha.

Kwenye giaboksi ya manyuo, ile ya kubadilisha gia kwa mkono, mafuta yana kazi ya kulainisha gia na beringi, basi. Kwenye otomatiki, mafuta ndiyo yanayofanya kazi yenyewe. Pampu inayasukuma, presha yake inabana klachi, na gia inaingia. Ndani ya toki konvata, kiungo kati ya injini na giaboksi, mafuta hayo hayo ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi. Yanabeba joto kulipeleka kwenye kipoza. Na juu ya hayo yote yanatakiwa yalainishe chuma huku yakiruhusu sahani za klachi zishikane bila kuteleza na bila kugonga. Kazi mbili zinazopingana, mafuta ni hayo hayo. Ndiyo maana kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake.

Uzito, yaani jinsi mafuta yanavyotiririka kwa shida au kwa wepesi, nao unatofautiana. Dexron III ya zamani, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ina uzito wa sentistoksi (kipimo cha uzito huo) 7 hivi. WS iko karibu na 5.5, na Mercon ULV ni nyepesi zaidi. Vitundu vya vali ndani ya giaboksi vimetobolewa kwa kufuata wepesi huo. Ukiweka mazito mahali pa mepesi, gia za asubuhi zinachelewa, na klachi ya kufungia toki konvata, inayoshikanisha pande zake mbili zizunguke pamoja, inaanza kutetema. Dereva anaisikia kwenye mwendo wa 60 hadi 80, mguu ukiwa umekanyaga kidogo tu, kama vile gari linapita juu ya vijituta vidogo vidogo vya kokoto. Wengi wakisikia hivyo wanabadilisha injini maunti na krosi joint, fedha inaisha na mtetemo uko pale pale.

Halafu kuna hili la Dexron III ambalo wauzaji wengi hawalijui. General Motors waliacha kutoa leseni ya jina hilo mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo chupa unayoiona leo imeandikwa Dexron III imebaki na neno la aliyeijaza tu. Inaweza kuwa nzuri, lakini hakuna leseni ya GM nyuma yake.

Basi ujuaje gari lako linataka nini? Kwenye Toyota, tafuta kibati cha utambulisho. Kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE utakuta namba ya giaboksi. Hilux Vigo, Fortuner na Prado zenye otomatiki ya gia 5 aina ya A750 zinatumia WS. Hilux Revo ya gia 6, AC60, nayo ni WS. Ford Ranger T6 ya gia 6 ina giaboksi ya 6R80, inayotaka Mercon LV. Ile ya gia 10 inataka Mercon ULV, na hizo mbili hazibadilishani. Hilux za zamani za gia 4 zenye kijiti cha kupimia, chomoa kijiti, kifute, soma: mara nyingi aina ya mafuta imechorwa juu yake. Na haidroliki ya usukani iliyobaki kwenye chupa, tafadhali, isiingie kwenye giaboksi eti kwa sababu nayo ni nyekundu. Ya CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ndiyo usiisogeze kabisa.

Sasa, lini?

Mmesikia msemo wa "mafuta ya maisha", kwamba giaboksi imefungwa kiwandani na haiguswi. Msemo huo mtu anayebebesha pikapu asiusikilize. Mtazame Ford mwenyewe. Kwa F-150 yenye 6R80 huko Marekani, ratiba ya matumizi ya kawaida ilisema maili 150,000, yaani kilomita kama 240,000. Kwa gari hilo hilo likivuta mizigo, maili 30,000, kilomita kama 48,000. Giaboksi ni moja, mafuta ni hayo hayo, na muda umegawanywa kwa tano. Tofauti yote ni joto.

Wakemia wana kanuni ya jumla: kila joto likipanda nyuzi 10, mafuta yanachakaa kwa kasi kama mara mbili. Giaboksi inayofanya kazi vizuri hukaa nyuzi 80 hadi 95. Sasa chukua pikapu iliyosheheni saruji na mabati, inatoka Mikumi kwenda Iringa, imefika Ruaha Mbuyuni saa nane mchana na inaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo toki konvata haijifungi. Injini inazungusha upande mmoja, upande wa pili unafuata kwa kuburuzwa, na nguvu yote inayopotea hapo katikati inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Upepo kwenye rejeta ni mdogo kwa sababu gari halikimbii. Nyuzi 120 unaifikia bila hata taa kuwaka kwenye dashibodi. Mafuta yaliyopitia safari kama hizo kila wiki kwa mwaka mzima hayafanani na ya Prado inayopeleka watoto shule, hata kama kilomita zimelingana. Dereva anaweza kusaidia hapo mlimani: shusha gia kwa mkono, weka S na uchague gia ya chini, injini izunguke kwa nguvu. Kuiacha kwenye D ikihangaika kupanda na kushuka gia kunapika mafuta.

Ushauri wetu ni huu. Pikapu ya mzigo, ya mlima, ya mchanga au ya kuvuta trela: kilomita 40,000. Pikapu ya matumizi mepesi ya barabara kuu: 60,000, usivuke 80,000. Gari lililoletwa limetumika na huijui historia yake: usisubiri kilomita zozote, fungua uone.

Na kuona kwenyewe kuna namna. Weka tone moja la mafuta kwenye karatasi nyeupe ya tishu, liache dakika tano. Mafuta mazima yanatanuka na kuacha duara pana la waridi lenye ukingo laini. Yaliyochoka yanakuwa ya kahawia. Yaliyoungua yanabaki katikati kama doa jeusi lisilotanuka, na ukinusa unapata harufu kama ya mkate uliosahauliwa juu ya jiko. Yakiwa na rangi ya mtindi wa stroberi, acha kila kitu: maji ya rejeta yameingia. Kwenye pikapu nyingi kipoza cha mafuta ya giaboksi kimo ndani ya tangi la rejeta. Kikitoboka, maji na mafuta vinakutana. Sahani za klachi zimevikwa kitu cha jamii ya karatasi kilichobandikwa kwa gundi, na maji yanakilainisha kikabanduka. Gari la namna hiyo haliendeshwi hata hadi gereji. Linavutwa, tena kwa namna isiyozungusha magurudumu yanayounganishwa na giaboksi. Rejeta inabadilishwa kwanza, ndipo giaboksi inasafishwa mara kadhaa.

Kuna swali linaloulizwa kila mara: "Giaboksi imefika kilomita laki mbili na nusu haijaguswa, nikibadilisha si itakufa?" Hapa tuseme ukweli bila kumtisha mtu. Ikiwa gia zinaingia vizuri na mafuta ni ya kahawia tu, badilisha, ila kidogo kidogo, kwa kumwaga na kuongeza. Usikubali kuunganishwa mashine ya kusukuma kwa presha kwenye giaboksi ya namna hiyo, kwa sababu uchafu uliotulia ndani ya sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) unaweza kung'olewa na kwenda kuziba vali. Ikiwa gia tayari inateleza, injini inalia na gari haliendi, na mafuta yameungua, klachi zimekwisha. Mafuta mapya hayarudishi kilicholika. Watu husema "tulibadilisha mafuta giaboksi ikafa"; ilikuwa imekufa, mafuta yalifika msibani.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tunazungumzia A750 kwa sababu ndiyo mnayoiona zaidi, na zile nyingine zisizo na kijiti zinafuata wazo hilo hilo.

Kabla ya kugusa boliti yoyote, osha chini. Vumbi na tope vilivyoganda juu ya boliti ya kujazia vitaanguka ndani ukifungua, na punje moja ya mchanga inatosha kukwamisha vali. Halafu, na hili tunaomba mlishike, fungua boliti ya kujazia kwanza. Iko ubavuni mwa giaboksi, kichwa chake milimita 24. Ikiwa imekwama au kichwa kimelika, utajua mapema, mafuta yakiwa bado ndani, na gari litaondoka kwa miguu yake. Anayemwaga kwanza kisha agundue hawezi kujaza, gari limemlalia hapo.

Chini ya sampu kuna boliti mbili, na zinachanganywa sana. Ya kichwa cha milimita 14 ni ya kumwagia. Ile inayofunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 5 ni ya kupimia, ina kibomba kinachosimama ndani ya sampu. Fungua ya 14. Zitatoka lita 3 hivi. Yamwage kwenye chombo chenye alama za lita, kisha andika. Usikadirie. Na wenye 4x4: transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, imeunganika nyuma ya giaboksi na ina boliti zake na mafuta yake. Yakitoka mazito yenye harufu kali ya kiberiti, umefungua transfa. Rudisha ya transfa kwanza kabla ya kuendelea, kwa sababu kosa hilo likipita kimya gari litaondoka na transfa kavu na giaboksi iliyojaa kupita kiasi.

Sampu nayo ishushwe, angalau kwa mara ya kwanza. Ndani kuna sumaku. Unga mwembamba wa kijivu, laini kama grisi ukiusugua kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni gia au beringi inayovunjika. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi. Magamba meusi ni klachi. Piga picha ili mwenye gari aone, kabla hujafuta. Filta ya A750 inashikiliwa na boliti za Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Weka mpya, na hakikisha sili ya ile ya zamani haikubaki juu kwenye tundu, maana mpya haitakaa juu ya nyingine na pampu itavuta hewa. Boliti za sampu ni Nm 4.4 tu. Ni nguvu ya kiganja kwenye mpini mfupi, si ya bega. Anayezikaza kama nati za tairi anapinda ukingo wa sampu, gasketi inabanwa ikatoka, na siku ya pili kuna tone sakafuni. Boliti ya kumwagia Nm 20, ya kujazia Nm 39, zote na washa mpya.

Hapo umetoa lita 3 kati ya 10 hivi zilizomo ndani. Nyingine zimo kwenye toki konvata, kipoza na njia za vali. Kwa hiyo mara ya kwanza umepata mafuta mapya asilimia 30. Ukiendesha kilomita 500 ukarudia, unafika 51; mara ya tatu, karibu 66. Mafundi wengine wanatoa yote kwa kuchomoa mpira wa kurudi kutoka kwenye kipoza, injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa, wakitoa lita moja na nusu, wanazima, wanaongeza kiasi kile kile, wanarudia hadi yatoke mekundu safi. Inafaa, ila iwe kwa watu wawili, mmoja mkono kwenye swichi, kwa sababu pampu ikizunguka kavu hata muda mfupi inakwaruzika. Kwa pikapu ya kazi tunapendelea kumwaga na kurudia. Ni polepole, haina hatari, na mafuta ya lita 9 yanatosha.

Jaza kiasi kilichotoka. Sasa ndipo kazi inapoanza.

Mafuta yanatanuka yakipata joto, kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja. Lita 10 zikitoka nyuzi 20 hadi 80 zinaongezeka karibu nusu lita. Kwa hiyo fundi aliyepima gari likiwa limetoka safari na mwingine aliyepima likiwa baridi, wote wakiona kiwango kimefika, wametofautiana nusu lita. Aliyepima la moto ameacha pungufu: pampu inavuta hewa gari likiwa mlimani au likikata kona, na gia inachelewa kuingia asubuhi. Yakizidi nayo, gia zinazozunguka zinayachapa yanakuwa povu, povu ni hewa, hewa inabanwa, presha inaanguka, klachi zinateleza zikaungua. Pungufu na ziada vinaishia kwenye kaburi moja.

Toyota wanataka A750 ipimwe kati ya nyuzi 46 na 56. AC60 iko chini zaidi, karibu nyuzi 40. Gari liwe sawa kabisa, kwenye shimo la gereji au lifti ya nguzo nne. Ukilipandisha mbele kwa jeki, kipimo chako ni batili. Kwenye mashine ya kupimia kompyuta soma joto la mafuta ya giaboksi, ni njia safi. Usipokuwa na mashine, gari lenyewe litakuambia. Chini ya usukani kuna soketi yenye matundu 16. Unganisha kwa waya tundu la 4, la nne juu kutoka kushoto, na la 13, la tano chini. Hesabu mara mbili: tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote na la 4 ni ardhi, ukiyagusanisha hayo umeunguza fyuzi. Washa injini, zima AC, kanyaga breki, pitisha gia polepole kutoka P hadi S na kurudi. Kisha peleka kati ya N na D haraka haraka kwa sekunde 6 au zaidi, mpaka taa ya D iwake sekunde mbili. Rudisha P, ondoa waya. Sasa taa ya D ni kipimajoto: imezimika, mafuta bado baridi, imewaka, ndiyo saa yake, inapepesa, yamepita.

Taa ikiwaka, injini ikiendelea kuzunguka, aliye chini afungue ile ya alenki ya 5. Yakitoka mkondo mnene kama penseli, yamezidi, acha yatoke. Mkondo utapungua, utakatika, yatabaki matone yanayofuatana. Hapo funga. Usipoona hata tone baada ya mafuta kidogo yaliyokuwa kwenye kibomba, ni pungufu: ongeza kupitia boliti ya kujazia hadi yaanze kuchuruzika chini. Kuweni makini na ekzosi iliyo karibu na mkono, na mafuta yenyewe ya nyuzi 50 yanauma. Kwenye joto la Dar es Salaam dirisha hili ni fupi, gari lililofika mchana halipimiki siku hiyo. Lilazwe, lipimwe asubuhi.

Wenye kijiti, kazi yenu ni nyepesi: endesha gari lipate moto, simama pasawa, pitisha gia zote, rudi P, injini ikizunguka, kifute, kichovye, soma. Alama ya HOT ni ya nyuzi 70 hadi 80. Injini ikizimwa, usomaji ule haufai.

Ranger ya 6R80 ina kijiti kifupi kilichofungwa kwenye boliti ubavuni, jirani na ekzosi; vaa glavu nene.

Baada ya hapo endesha kilomita 20 au 30 kwa mguu mwepesi, rudi utazame ukingo wa sampu na boliti zote kwa tochi. Mafuta ya zamani yasimwagwe mtaroni. Yafungwe kwenye dumu, yapewe wanaokusanya oili chafu.

Vigo iliyo kwenye shimo pale nyuma imelala tangu jana jioni, mafuta yameshamwagwa na mapya kujazwa. Mashine inasoma nyuzi 29. Tukiwasha sasa tuna dakika chache kabla ya kufika 46, kwa hiyo wawili washuke chini na alenki, mmoja aingie ndani ashike breki, wengine zungukeni upande huu muone mkondo unavyogeuka kuwa matone.